Elizabeth Kenny: mwanamke bila diploma aliyetoa watoto wa polio ndani ya vibao

Katika kila mji wa Mashariki ya Congo kuna mtu mzima anayetembea na magongo juu ya polio iliyompata akiwa mtoto. Wengine ni mafundi wa viatu, wengine wanauza kadi za simu, wengine wanavusha mizigo mpakani na baiskeli za mikono. Wazazi wao wanakumbuka namna ilianza: homa ya siku mbili ao tatu, mtoto analia akiguswa, kisha mguu unalegea. Na wanakumbuka ulizo lile kila mtu nyumbani aliuliza: sasa afanyiwe nini?

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ulizo hilo lilimfikia mwanamke mmoja wa Australia, katika pori ya wafugaji, mbali na munganga, na bila diploma yoyote ya uuguzi. Jibu alilolipata kwa mikono yake lilibadilisha kazi ya kinezitherapi, ile wagonjwa wanaita kinezi kwa ufupi. Lilimpa sifa duniani na likamletea maadui wengi. Jina lake ni Elizabeth Kenny, lakini dunia ilimjua kama Sister Kenny. Hapa Congo neno sista linafanya watu wafikirie mtawa. Yeye hakuwa mtawa. Hiyo ilikuwa cheo cha muuguzi katika jeshi la Australia, naye alikibeba mpaka kufa.

Binti wa shamba

Elizabeth Kenny alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka wa 1880, huko Warialda, jimbo la New South Wales. Baba yake, Michael, alitoka Ireland. Alikuwa mtu wa shamba mwenye kuhamahama kutafuta kazi, na familia ilimfuata. Mwishoni walikaa karibu na Nobby, kijiji kidogo cha Queensland. Watoto walisoma kidogo tu, pale ambapo masomo yalipatikana.

Akiwa kijana, Elizabeth alianguka kutoka juu ya farasi na kuvunjika kifundo cha mkono. Alipelekwa kwa munganga Aeneas McDonnell, mjini Toowoomba. Wakati mkono ulikuwa unapona, alikaa huko, akaanza kufungua vitabu vya munganga vyenye picha za mifupa na misuli. McDonnell hakumfukuza. Alimwonyesha namna msuli unashikamana na mfupa na namna unavuta. Urafiki wao ulidumu miaka mingi, na kwa upande wa Elizabeth ndiyo ilikuwa shule yake ya kweli.

Kisha alifanya kazi mbalimbali. Kwa wakati fulani alikuwa dalali, akiunganisha wakulima na wanunuzi wa mazao wa mji wa Brisbane. Alipopata akiba kidogo, alimlipa fundi cherehani amshonee nguo za muuguzi, akaanza kupita nyumba kwa nyumba juu ya farasi, akisaidia wanawake kuzaa na kutunza wagonjwa. Hakukuwa na karatasi ya kumruhusu, lakini katika pori ile hakukuwa pia na mtu mwingine.

Mtoto kitandani, munganga mbali

Kufuatana na masimulizi yake mwenyewe, ilikuwa mwaka wa 1911 wakati aliitwa kwenye nyumba ya mfugaji mmoja. Msichana mdogo alikuwa kitandani, mguu umejikunja, analia kwa maumivu, hataki mtu amguse. Kenny hakuwa amekwisha kuona ugonjwa ule. Alituma telegramu kwa McDonnell. Jibu lilikuja kwamba inaonekana ni ugonjwa wa kupooza wa watoto, kwamba hakuna dawa yake, na kwamba atunze tu zile alama anazoziona.

Kenny aliona misuli iliyokaza na yenye kuuma. Alijaribu joto kavu, mtoto hakupata nafuu. Kisha alikata bulangeti la sufi vipande vipande, akavitia ndani ya maji ya kuchemka, akavikamua sana, akafunga mguu. Maumivu yalipungua, mtoto akapata usingizi. Misuli ilipolegea, alianza kuchezesha mguu polepole kwa mikono yake, kisha akamwomba mtoto ajaribu mwenyewe. Alieleza kwamba mtoto huyo alitembea tena, na wengine pia aliowatunza wakati ule.

Watu walioandika juu ya maisha yake hawakubaliani wote na tarehe hiyo, maana Kenny hakukuwa mtu wa kuandika kumbukumbu vizuri, na hata mwaka wake wa kuzaliwa alikuwa anaupunguza. Lakini jambo moja liko wazi: wakati alikuwa anachemsha bulangeti, hakujua namna gani hospitali kubwa zilikuwa zinatunza ugonjwa ule. Ndiyo maana hakufanya kama wao.

Vita, kisha machela

Mwaka wa 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, barua ya McDonnell ilimsaidia kuingia katika kikosi cha wauguzi wa jeshi. Alitumika ndani ya meli zilizorudisha askari waliojeruhiwa kutoka Ulaya mpaka Australia. Mwaka wa 1917 alipandishwa cheo, akawa Sister.

Baada ya vita alirudi Queensland. Siku moja msichana wa jirani aliumizwa vibaya na jembe la kuvutwa na farasi. Barabara ilikuwa mbaya, na Kenny alijua kwamba mutikisiko wa safari unaweza kuua mtu kabla ya kufika hospitali. Alitengeneza machela ya kumfunga mgonjwa imara kusudi asitikisike. Aliiita Sylvia, jina la msichana huyo, akaiandikisha kama uvumbuzi wake, na magari ya wagonjwa yakaanza kuinunua. Pesa ya machela ile ndiyo ilimsaidia miaka mingi kutunza wagonjwa bila kuwaomba kitu. Katika miaka ileile ya 1920, Kenny, ambaye hakuolewa, alichukua msichana anayeitwa Mary na kumlea kama mtoto wake. Mary alikuja kuwa msaidizi wake mkubwa.

Vibao na platri

Kusudi mtu aelewe sababu gani Kenny alileta kelele, lazima kwanza ajue namna polio ilikuwa inatunzwa. Wanganga wa wakati ule waliogopa kwamba misuli yenye nguvu itavuta misuli dhaifu na kupindisha mifupa ya mtoto. Basi walimfunga. Miguu, mikono, mara nyingine mgongo mzima, vilitiwa ndani ya platri, vibao ao vyuma, kwa majuma na miezi. Mtoto alilala bila kujigeuza.

Nia yao haikuwa mbaya. Lakini msuli usiotumika unakonda, na kiungo kisichotembea kinakaza. Mtu yeyote aliyevunjika mkono na kukaa ndani ya platri juma sita anajua: siku ya kuitoa, mkono uko mwembamba na hautaki kujikunja. Sasa fikiria mtoto wa miaka mine aliyefungwa namna hiyo mwili mzima, tena akiwa na misuli inayouma.

Mnamo 1932, Kenny alianza kutunza watoto wenye kupooza mjini Townsville, nyuma ya hoteli moja. Alitoa vyuma na vibao. Aliweka wagonjwa ndani ya maji ya moto, akawafunga vitambaa vya moto, akachezesha viungo vyao kila siku. Alikuwa na utaratibu wake. Kitambaa cha sufi kilikamuliwa mara mbili kusudi maji yasidondoke na kuunguza ngozi. Kilifunika msuli, lakini kiungo kilibaki wazi kusudi kiweze kutembea. Juu yake iliwekwa kitambaa kisichopitisha maji, kisha kingine kikavu cha kushika joto.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya akili. Kenny alimwonyesha mtoto msuli uko wapi, unaanzia wapi na unaishia wapi, akamwomba aupeleke mawazo yake pale wakati mikono ya muuguzi inachezesha mguu. Aliona kwamba mtoto aliyeumia sana anasahau namna ya kuagiza mguu wake, ao anatumia msuli usiofaa. Lazima afundishwe tena, polepole, bila kulazimishwa. Wanganga wa kinezi wa leo watatambua mara moja jambo hilo, maana ni sehemu ya kazi yao ya kila siku.

Nchi yake inamkataa

Serikali ya Queensland ilimsaidia kufungua vituo, na wazazi walijaa. Wanganga wengi hawakufurahi. Alipowaonyesha kazi yake mjini Brisbane, wengine walimcheka. Maelezo yake yalikuwa ya ajabu masikioni mwao, maneno aliyotumia hayakuwa katika vitabu, na alikuwa mwanamke bila diploma aliyewaambia maprofesa kwamba wanaumiza watoto. Tena hakujua kuongea kwa upole. Akipingwa, alikuwa mkali, na alidai mafanikio makubwa kuliko yale angeweza kuonyesha kwa hesabu.

Mwaka wa 1935 serikali iliweka tume ya wanganga wachunguze kazi yake. Ripoti yao ilitoka 1938, nayo ilikuwa nzito: walisema kuacha kufunga viungo ni kosa kubwa lenye hatari. Wakati huo Kenny alikuwa amekwisha kwenda Uingereza, ambako mwaka wa 1937 alipewa nafasi ya kutunza wagonjwa katika hospitali ya watoto ya Queen Mary's, huko Carshalton. Alirudi nyumbani akakuta ripoti.

Mtu mwingine angeacha. Lakini mwaka wa 1939 alipewa chumba cha wagonjwa katika hospitali kuu ya Brisbane, na hapo alipata wagonjwa wapya, wale ambao ugonjwa ulikuwa umeanza siku chache tu. Mkubwa wa hospitali, munganga Aubrey Pye, aliona kwamba wagonjwa wa Kenny wanapona haraka kuliko wale waliofungwa, na viungo vyao vinabaki laini. Alisema hivyo wazi, na neno lake lilikuwa na uzito.

Minneapolis

Mwaka wa 1940 serikali ya Queensland ilimlipia safari ya kwenda Marekani pamoja na Mary. Alikuwa karibu na miaka 60. Milango mingi ilifungwa mbele yake, mpaka alipofika Minneapolis, mji wa jimbo la Minnesota. Kule wanganga watatu, Wallace Cole, Miland Knapp na John Pohl, walikubali aguse wagonjwa wao. Hawakumwamini kwa maneno. Walimpa vitanda katika hospitali ya mji, wakasimama pembeni, wakaangalia.

Yale waliyoyaona ni watoto wasiolia usiku, migongo iliyonyooka, na viungo visivyokaza. Mwaka wa 1941 waliandika matokeo ya kwanza katika gazeti la chama cha wanganga wa Marekani. Shirika la kitaifa la kupigana na polio, lililoanzishwa na Rais Franklin Roosevelt, ambaye mwenyewe alipooza miguu, liliunga mkono njia hiyo mwisho wa mwaka ule. Katika mwezi wa 12 mwaka wa 1942, kituo chenye jina lake kilifunguliwa Minneapolis. Wauguzi na watu wa kinezi walikuja kutoka pembe zote kujifunza. Katika hospitali nyingi za Marekani, vibao viliwekwa stoo, na harufu ya sufi yenye maji ya moto ikajaa vyumba vya watoto.

Sifa ilifuata. Mwaka wa 1943 alitoa kitabu juu ya maisha yake. Mwaka wa 1946 Hollywood ilitengeneza filamu juu yake, na Rosalind Russell ndiye alicheza nafasi yake. Mwaka wa 1950 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumruhusu aingie na kutoka nchini bila viza. Na katika uchunguzi wa maoni wa mwaka wa 1951, Wamarekani walimtaja kuwa mwanamke wanayemheshimu kuliko wote, akampita hata Eleanor Roosevelt, mjane wa rais.

Pahali alikosea

Kumbe wapinzani wake hawakuwa wajinga wote. Kenny alifundisha kwamba polio inashambulia hasa misuli, na kwamba kukaza ndiyo ugonjwa wenyewe. Hilo halikuwa kweli. Virusi vya polio vinaua seli za mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo, zile zinazopeleka amri kwenye misuli. Seli iliyokufa hairudi. Hakuna kitambaa cha moto, wala mazoezi, wala mikono ya mtu yeyote inayoweza kuifufua.

Kulikuwa pia shida ya hesabu. Watoto wengi wenye polio wanapata nafuu wenyewe kwa sehemu, kwa sababu si seli zote zinakufa. Kama mtu hapimi vizuri, anaweza kuhesabu nafuu hiyo kuwa kazi yake. Mwaka wa 1944 tume ya wanganga wa mifupa Marekani ilimshambulia juu ya madai yake makubwa, na kwa sehemu walikuwa na haki.

Lakini mambo mawili lazima yatenganishwe. Maelezo yake juu ya ugonjwa yalikuwa na kosa. Kazi yake juu ya mgonjwa ilikuwa nzuri. Joto lilipunguza maumivu, kuchezesha viungo kulizuia visikaze, na kufundisha misuli kuliokoa nguvu iliyobaki. Wale waliofunga watoto walijua vizuri zaidi virusi viko wapi, lakini njia yao ilimwongezea mtoto kilema juu ya ugonjwa.

Miaka ya mwisho

Alipofikia miaka 70, mikono ile iliyofundisha wengine ilianza kutetemeka. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Mwaka wa 1951 alirudi Toowoomba, mji ule ambako McDonnell alimfungulia vitabu. Alikufa huko tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka wa 1952, akazikwa Nobby, karibu na mama yake.

Mwaka huohuo Marekani ilipigwa na polio kuliko wakati wowote: watu zaidi ya 57,000 waligonjwa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 12 mwezi wa 4 mwaka wa 1955, ilitangazwa kwamba chanjo ya Jonas Salk inafanya kazi. Kisha ikaja ile ya Albert Sabin, matone ya mdomoni. Katika nchi nyingi vyumba vya watoto wenye polio vilifungwa kwa kukosa wagonjwa. Kituo cha Minneapolis hakikufungwa. Kiligeuka kutunza watu waliopooza juu ya ajali, wenye ugonjwa wa ubongo, wenye maumivu ya mgongo, na mpaka leo kinatumika na jina la Kenny.

Kazi iliyobaki

Hapa Congo polio ya asili haijaonekana tangu mwisho wa 2011, na mwaka wa 2020 Afrika yote ilitangazwa kuwa huru nayo. Lakini kuna ile aina nyingine. Pale ambapo watoto wengi hawakupata chanjo, virusi dhaifu vya matone vinaweza kuzunguka muda mrefu kati ya watu, vikabadilika na kupata tena nguvu ya kupooza. Maniema na Haut-Lomami zilionja hilo mwaka wa 2017, na majimbo mengine yakafuata. Dawa ya hali hiyo ni kuchanja watoto wote, si kukataa matone. Wareko wakipita nyumba kwa nyumba, mlango ufunguliwe. Na mtoto chini ya miaka 15 akilegea mguu ao mkono ghafula, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kusudi choo chake kipimwe.

Kwa wale ambao walikwisha kupooza, na kwa wengine wote wenye maumivu, somo la Kenny linabaki. Mgongo unaouma haupendi kulala majuma mazima. Unapenda mwendo mdogo mdogo unaoongezeka. Mkono uliotoka ndani ya platri lazima ufundishwe tena. Mzee aliyepigwa na kiharusi aanze mazoezi mapema, mara tu munganga anaporuhusu. Joto linasaidia misuli iliyokaza, lakini haliwekwi juu ya mguu ulioteguka leo na kuvimba, wala juu ya ngozi isiyosikia, maana itaungua bila mtu kujua. Na mfupa unaofikiriwa kuvunjika haukandwi. Unapigwa picha kwanza.

Katika kartie nyingi kuna mama ao mzee anayesifiwa kwa mikono ya kukanda. Wengine watasoma maisha ya Kenny na kusema kwamba diploma si kitu. Hapo ndipo watakosea. McDonnell alimfungulia vitabu, Pye alimpa wagonjwa, na wale watatu wa Minneapolis walisimama pembeni ya kitanda, wakilinganisha watoto wake na wengine. Kenny alilalamika juu ya wanganga maisha yake yote, lakini hakujificha kwao. Alipeleka mikono yake pahali inaweza kuangaliwa, na ndivyo watoto wa nchi ambazo hakuwahi kufika walitoka ndani ya vibao.